Vifuko vya zipu vya kuandikwa: maswali tunayoulizwa kila mara

Nina kibanda cha vifaa vidogo vidogo Mwanga, mjini Kigoma: vifungo, sindano, shanga, ndoano, skrubu, nati na vikorokoro vingine vya aina hiyo. Pembeni nauza vifuko vya kuvihifadhia. Nimechoka kurudia majibu yaleyale kila asubuhi, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Mahali ambapo jibu limeshatolewa, nimekuelekeza kwenye namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Kifuko cha zipu ni kipi hasa?

Ni kifuko cha plastiki laini inayoonyesha kilichomo ndani, chenye mdomo wa kubana. Upande mmoja wa mdomo una ukingo uliotokeza, upande wa pili una mfereji. Ukipitisha vidole, ukingo unazama kwenye mfereji na kifuko kimefungwa. Unaweza kukifungua na kukifunga tena mara nyingi. Vile vya kuandikwa vina sehemu nyeupe usoni, mara nyingi mistari mitatu, ambayo inapokea wino. Ipo pia aina yenye kitelezi, kama zipu ya suruali. Ni rahisi kwa mtu mwenye vidole vigumu, lakini kwenye kona ambapo kitelezi kinaishia huwa panabaki kijitundu.

2. Kwa nini nisitumie makopo tu?

Tumia, kama unayo. Kwa misumari mimi mwenyewe natumia makopo, kwa sababu misumari hutoboa kifuko chochote. Ila kopo halionyeshi kilichomo, na kopo la vifungo kumi linachukua nafasi sawa na kopo la vifungo mia tatu. Kifuko kinachukua nafasi ya kilichomo tu. Vifuko sitini vya vifungo vya rangi mbalimbali vinaenea kwenye boksi moja la viatu. Makopo sitini yangehitaji kabati.

3. Si plastiki ilipigwa marufuku?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mteja mpya, na ni swali zuri. Kilichopigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, yaani rambo. Kanuni zenyewe ziliacha nje vifungashio vya plastiki vya huduma za afya, bidhaa za viwandani, ujenzi, kilimo, usindikaji wa chakula na udhibiti wa taka.

Tatizo lilianza pale wauzaji walipochukua vifungashio laini, vile vya karanga na ubuyu, wakavigeuza kuwa mifuko ya kubebea nyanya na vitunguu. Mwaka 2021 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikalazimika kurudi sokoni kwa ajili ya jambo hilohilo. Kwa hiyo tofauti iko kwenye matumizi. Kifuko kinachokaa dukani au nyumbani kimehifadhi skrubu ni kitu kimoja. Kifuko unachomtilia mteja nyanya zake ili abebe kwenda nazo ni kitu kingine, hata kama kina zipu. Ukitaka kuviingiza kwa wingi au kufungashia bidhaa zako za kuuza, pita kwanza kwa NEMC au kwa afisa mazingira wa halmashauri yako. Usimtegemee muuza duka, hata mimi.

## Kuchagua

4. Nichukue ukubwa gani?

Leta kitu chenyewe. Kweli, njoo nacho mkononi, kwa sababu mteja anayekisia karibu kila mara huchukua kikubwa mno, na vitu vidogo ndani ya kifuko kikubwa hukusanyika kona moja vikawa donge.

Vipimo vinavyopatikana zaidi kwetu ni vya sentimita, upana kwanza halafu urefu. Cha 4×6 kinafaa shanga, sindano za cherehani na skrubu za simu. Cha 6×8 ni cha vifungo vya shati na washa ndogo. Cha 8×12 ndicho kinachonunuliwa kuliko vyote: nati, bolti fupi, pete za nyavu, zipu za suruali zilizokunjwa. Cha 10×15 na kuendelea ni cha nyaya, chaja, picha na stakabadhi.

Jaza theluthi mbili tu. Ukijaza hadi shingoni, zipu inavutwa kutoka ndani na itaachia siku usiyoitaka. Angalia pia kama urefu ulioandikwa kwenye pakiti umehesabiwa kuanzia chini ya zipu au kuanzia kwenye midomo ya juu kabisa. Watengenezaji hawapimi kwa namna moja, na kwa kifuko kidogo ile sentimita moja na nusu ni nyingi.

5. Mikroni ni nini, na ni ngapi zinatosha?

Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na hapa ndipo watu wanapoibiwa wakiwa macho. Vifuko viwili vya ukubwa mmoja, vyote angavu, kimoja kina mikroni 30 na kingine 80, na ukiviona mezani huwezi kuvitofautisha.

Kwa vifungo, shanga na karatasi, mikroni 40 hadi 50 zinatosha. Kwa nati, bolti na chochote chenye kona, tafuta 80 hadi 100. Chini ya 40 ni cha kutumia mara moja na kutupa, na sioni sababu ya kununua kitu cha kutupa.

Wakati mwingine utakuta geji badala ya mikroni. Mafundi ujenzi wanaijua geji kutokana na nailoni ya kutandika chini ya sakafu: geji 1000 ni mikroni 250. Kwa hesabu hiyohiyo geji 200 ni mikroni 50. Halafu kuna mizigo ya China, ambako huhesabu kwa sehemu za mia za milimita. 8 yao ni mikroni 80, lakini mara nyingi wamejumlisha kuta zote mbili za kifuko, yaani ukuta mmoja ni 40. Ukiagiza mwenyewe, uliza: ukuta mmoja au miwili?

Kama pakiti haina maandishi yoyote, nina njia yangu. Chukua pakiti ya vifuko 100, toa hewa, ibane vizuri chini ya zipu na upime kwa rula. Vifuko 100 ni kuta 200, na kuta 200 za mikroni 50 ni sentimita moja kamili. Ukipata nusu sentimita, hiyo ni mikroni 25, mrudishie mwenyewe. Njia hii inataka pakiti iwe na 100 kweli, kwa hiyo hesabu kwanza. Nimeshawahi kuuziwa mia yenye tisini na mbili.

6. Nitajuaje zipu ni nzuri kabla sijanunua?

Omba kimoja. Kijaze hewa kama puto, kifunge, kisha kikandamize taratibu kwa viganja viwili. Zipu nzuri inashikilia. Mbaya inatoa pumzi kwenye kona. Kisha fungua na kufunga mara kumi mfululizo. Zipu dhaifu inaanza kulegea mapema, na huko nyumbani haitapona. Vifuko vyenye mstari mwekundu kwenye zipu havina nguvu zaidi ya vingine, ila mstari unakuonyesha mdomo uko wapi, jambo ambalo wazee wanalipenda.

7. Kuna plastiki zaidi ya moja?

Ndiyo. Vingi ni vya polietilini: laini, havipigi kelele, vina weupe kidogo. Vya polipropilini vinang'aa kama kioo na vinachakarisha. Vinapendeza kwa kuonyesha bidhaa lakini vinapasuka kwenye mshono. Aina ya kuepuka kwa uhifadhi wa muda mrefu ni PVC, ambayo ina harufu kali ya kitu kipya na hunata. Kwa miaka inaharibu picha, sarafu na stempu.

Kuzitambua ni rahisi. Kata kipande kidogo, kizamishe kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni, kisugue mpaka vipovu vya hewa vilivyokishika viondoke. Polietilini na polipropilini zitaelea, PVC itazama. Usijaribu kwa kuchoma, moshi wa PVC ni sumu.

8. Nichukue chenye sehemu nyeupe au nibandike lebo?

Kama unahifadhi kitu kimoja kwa muda mrefu, sehemu nyeupe inashinda: haibanduki na haikusanyi vumbi pembeni. Kama unabadilisha vilivyomo kila wiki, nunua visivyo na kitu na utumie masking tepu, ile ya wapaka rangi. Inaandikika kwa kalamu yoyote na inabanduka bila kuacha gundi, usipoiacha juani. Stika za bei za madukani ni nzuri siku ya kwanza tu. Masika yakiingia zinajikunja na kudondoka, unabaki na vifuko thelathini visivyo na majina.

## Kuandika na kupanga

9. Kalamu ipi haifutiki?

Maka peni isiyofutika, yenye ncha nyembamba. Maji hayaifuti, spiriti ndiyo inaifuta, jambo ambalo ni faida: ukitaka kubadilisha jina, pamba na spiriti vinatosha. Biki inaandika kwenye sehemu nyeupe lakini si kwenye plastiki tupu. Subiri sekunde kumi na tano wino ukauke kabla hujagusa. Wino wa maka hupauka juani, hivyo kifuko kikikaa dirishani mwaka mzima, jina litakwenda.

Kwa vitu vya kuhifadhi miaka, fanya mara mbili: andika nje kwa maka, na ndani tia kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli. Penseli haichuji ikilowa na haipauki.

10. Niandike nini kwenye lebo?

Andika neno utakalolitafuta, kisha kipimo, idadi na tarehe. Inaonekana kama jambo dogo, lakini hapa ndipo kazi yote inapoharibikia.

Mfano wa mafundi pikipiki. Fundi akisema "nati kumi" anamaanisha nati inayofunguliwa kwa spana namba 10. Uzi wa nati hiyo kwa kawaida ni milimita 6. Ya spana 13 ni uzi wa milimita 8, ya spana 8 ni uzi wa milimita 5. Sasa kijana wake aliyesoma ufundi chuoni anaandika kwenye kifuko "M8", yaani uzi wa milimita 8, fundi anasoma 8 anafikiri spana 8, na pikipiki ya mtu inakaa chini mchana kutwa. Nimewashauri waandike zote mbili: "nati, spana 13, uzi 8".

Kwa fundi simu ni hatari zaidi. Skrubu mbili za simu moja zinaweza kutofautiana urefu kwa chini ya milimita, na ile ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inakwenda kutoboa bodi. Jirani yangu alijifunza hivyo kwa simu ya mteja, akailipa. Siku hizi kila simu anayoifungua inapata kifuko chake cha 4×6, kimeandikwa jina la mteja, aina ya simu, na mahali skrubu zilikotoka: "juu kulia", "karibu na betri".

Idadi isasishwe kwa vijistari vya penseli, kama wanavyohesabu magunia bandarini. Tarehe ni ya lazima kwa mbegu na dawa (maswali ya 15 na 16), kwa skrubu si kitu.

11. Vifuko vikiwa vingi navipangaje?

Visimamishe kwenye boksi la viatu kama kadi, mdomo juu, lebo ikitazama mbele. Usivilaze, ukivilaza utavimwaga vyote kutafuta cha chini. Au toboa tundu juu ya zipu, si chini yake, uvitungike kwenye waya kwa mafungu. Upange kwa kazi, si kwa herufi. Fundi cherehani hatafuti "k" ya kifungo. Anatafuta vitu vya shati, akiwa na kifungo, uzi na kola pamoja.

## Ziwa, mvua na kutu

12. Nikienda ziwani, simu itakuwa salama ndani yake?

Swali la wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Jibu: inakinga na rasharasha za mawimbi na mvua, haikingi na kuzama. Zipu ya kubana haikutengenezwa kuhimili maji yanayosukuma kutoka nje. Mtumbwi ukipata maji na simu ikalala kwenye dimbwi chini usiku kucha, usishangae asubuhi.

Kama huna kingine, tia vifuko viwili, mdomo wa cha ndani ukitazama chini na wa cha nje ukitazama juu, vyote vya mikroni 80 au zaidi, na uache hewa ya kutosha ndani ili kielee. Kabla ya kuamini, jaribu na karatasi ya chooni ndani ya ndoo kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, haya. Skrini inaguswa vizuri kupitia plastiki nyembamba. Alama ya kidole ndiyo inagoma.

13. Niliweka sindano kwenye kifuko kilichofungwa vizuri, mbona zimeshika kutu?

Kwa sababu ulifunga na unyevu ndani. Kigoma mvua huanza kwenye Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na hewa ya ziwa haisubiri mvua. Ukifunga kifuko jioni ya mvua, umefungia hewa hiyo humo. Tena polietilini huzuia maji lakini hupitisha mvuke polepole sana, mwezi hadi mwezi.

Funga mchana wa jua, toa hewa kwa kukandamiza, paka sindano mafuta kidogo ya cherehani. Tia na kijipakiti cha silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Vikichoka vianike kwenye jua kali kutwa nzima, vitarudisha nguvu kiasi. Watu wanatia mchele. Mchele unasaidia kidogo na unaleta wadudu. Chumvi ya Uvinza usithubutu: yenyewe inavuta maji, na ikigusa chuma kutu ndiyo inakimbia.

14. Vipuri vya simu na kompyuta vinahitaji kifuko maalumu?

Skrubu na vifuniko, hapana. Bodi, kumbukumbu na chochote chenye vijimguu vya shaba, ndiyo. Plastiki ya kawaida ikisuguliwa inazalisha umeme tuli, na cheche usiyoiona inaweza kuua kipuri. Vya waridi vinapunguza umeme huo, vya rangi ya fedha vinakinga kabisa. Usitupe vilivyokuja na kipuri.

## Mbegu, dawa na vyakula

15. Mbegu je?

Zinafaa sana zikiwa kavu kwelikweli. Mbegu ya mchicha au bamia iliyofungiwa na unyevu inaota ukungu kabla ya msimu. Andika aina, mahali ulikoitoa na mwaka wa kuvuna. Weka kivulini, joto ni adui kuliko hewa.

Mahindi ya mbegu ni habari nyingine. Kuna dumuzi, yule mdudu aliyegunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza hapo jirani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na yeye plastiki anaitoboa kama mbao. Kifuko cha zipu hakimzuii. Mahindi yatie kwenye chupa au dumu gumu lenye kifuniko.

16. Naweza kuhamishia dawa humo?

Dawa iliyo kwenye karatasi yake ya malata, ile ya kung'aa unayobonyeza kidonge kitoke, iache humohumo, kisha tia karatasi yote kwenye kifuko. Malata inaikinga na mwanga na unyevu, na ndiko kuna jina na tarehe ya kuisha. Vidonge vilivyotolewa bila malata kutoka dirisha la dawa, kifuko kiandikwe jina la mgonjwa, jina la dawa, namna ya kumeza na tarehe. Usichanganye dawa mbili kwenye kifuko kimoja hata kama ni za mtu mmoja.

17. Dagaa na mawese?

Dagaa wakavu wachache kwa safari, sawa, ila harufu itapita. Polietilini haizuii harufu, na nguo zako kwenye begi zitasimulia ulikotoka. Mawese, hapana. Mafuta yanailegeza plastiki na kujipenyeza kwenye zipu, na rangi yake haitoki kwenye chochote itakachogusa. Tumia chupa.

Kama ni dagaa wa kuuza, hapo ni masuala ya kifungashio cha chakula na TBS, shirika la viwango, si ya kifuko cha 8×12 kutoka kwangu.

## Yasiyo ya kila siku

18. Ndoano zinatoboa kila kifuko. Nifanyeje?

Kata kipande cha kandambili kuukuu, zichomeke humo ncha zikizama, kisha tia kipande kwenye kifuko. Sponji inashika maji, kandambili haishiki.

19. Unga, sukari au mchanga umeingia kwenye zipu na haifungi.

Mswaki mkavu, kisha kitambaa kibichi, kisha kiache kikauke. Wakati mwingine kunjia mdomo nje kama pindo la suruali kabla ya kumimina, zipu haitaguswa.

20. Nikisafiri navyo?

Kwenye ndege za kimataifa, vimiminika vya mkononi kwa kawaida ni chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya kifuko kimoja cha lita 1 kinachofungwa. Wageni wanaoingia Tanzania waliruhusiwa kuja na vifuko vya zipu vya vifaa vya kuogea kwa sharti kwamba wanaondoka navyo. Anayekwenda Rwanda akumbuke kwamba wao walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na mizigo hukaguliwa. Hamishia vitu kwenye vifuko vya kitambaa kabla ya mpaka.

21. Vinaoshwa?

Vinaoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni, vikigeuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini. Maji ya moto yanaipinda zipu. Kilichobeba samaki mbichi, dawa za binadamu au za shambani hakirudi kwenye matumizi mengine. Na usivichome uani.

Zipu ikifa lakini kifuko kizima, kata sehemu ya zipu, kunja mdomo kwenye bapa la msumeno na upitishe moto wa mshumaa, kama wauza karanga. Hakitafunguka tena, lakini kwa vipuri vya akiba kinatosha.

22. Nina mtoto mdogo nyumbani.

Basi vifuko vyote vikae juu, vitupu na vilivyojaa. Kitupu kikubwa kinaweza kumfunika uso. Kilichojaa, meno ya mtoto yanakifungua haraka kuliko unavyodhani. Kinachonitia hofu zaidi ni betri za sarafu, zile bapa za saa na rimoti: mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya kabla ya saa mbili kwisha. Ukihisi amemeza, usisubiri dalili, mpeleke hospitali hapohapo. Betri hizo mimi siziuzi zikiwa kwenye kifuko cha zipu. Ninamwachia mteja zikiwa kwenye kadi yake ngumu, na ninamwomba azikate moja moja anapozihitaji.